Laki sita na nusu, mdogo wangu anaingia MUST: laptopu mpya ya dukani au ya mtumba?

Dada_Makambako

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo, hasa kwa mlioko Mbeya na Iringa.

Mdogo wangu kachaguliwa kusoma uhandisi wa ujenzi pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Baba kauza mbao, mimi nimeongezea, tuna laki sita na nusu ya laptopu na hakuna ya kuongeza tena, maana ada na hosteli zinasubiri. Hapa Makambako kuna duka wana laptopu mpya kabisa, iko kwenye boksi lake. Nyembamba, nyepesi, prosesa ya Celeron, RAM 4, hifadhi 64, tayari ina Windows 11. Muuzaji ananiambia za mtumba zimeshapitwa kwa sababu Windows 10 imefungwa, na dunia imehamia kwenye kompyuta za akili mnemba.

Shemeji yangu wa Mbeya yeye anasema hiyo nisiiguse, nipande basi nishuke Mwanjelwa nitafute ThinkPad, laptopu ya Lenovo, iliyotumika Ulaya. Hofu yangu ni moja: hiyo ya mtumba ikifa muhula haujaisha, mtoto atasomaje? Nimwamini nani?

Naomba kuwasilisha.

MzeeWaSpea

Dada, pole na majukumu na hongera kwa mdogo wako. Mwamini shemeji. Nitaandika kwa kirefu maana haya mambo ndiyo ninayoshinda nayo. Nina kabati zima la laptopu zilizokufa hapa nyumbani Mbeya, nazitoa viungo kufufua nyingine, na kila wiki naletewa hizo nyembamba za boksi na wanafunzi ambao wazazi wao walilipa hela halali wakijua wamenunua kitu kipya.

Soma hizo namba ulizotaja. RAM ya GB 4 (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na hifadhi ya GB 64 (pa kuwekea mafaili) ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft wanaruhusu Windows 11 kuwekwa. Kwa hiyo mashine hiyo imetoka kiwandani ikiwa tayari imegusa sakafu. Windows yenyewe ikikaa, ikajisasisha mara kadhaa, ile 64 inakuwa imejaa kabla kijana hajaweka AutoCAD, programu ya kuchorea ramani. Na hiyo hifadhi kwa kawaida ni eMMC, aina ya hifadhi ya bei nafuu, imechomelewa kwenye madabodi (bodi kuu) pamoja na RAM. Huwezi kuongeza, huwezi kubadilisha. Ikifa, fundi wa Mwanjelwa hana la kufanya, na wa Kariakoo hana la kufanya vilevile.

Kuhusu Windows 10, muuzaji kasema nusu. Ni kweli Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Na ni kweli Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Lakini za mtumba za kizazi cha 8 zimejaa sokoni, na zinapokea Windows 11 kihalali bila ujanja wowote.

Tena kizazi cha 8 ningekushauri hata kama Windows 11 isingekuwepo. Core i5 za laptopu nyembamba za ofisi mpaka kizazi cha 7 zilikuwa na viini viwili, yaani sehemu mbili za prosesa zinazofanya hesabu. Mwaka 2017 Intel wakatoa i5-8250U (hiyo 8 ndiyo kizazi) na wenzake, viini vinne. Ukiweka ThinkPad T470 ya kizazi cha 7 na T480 ya cha 8 mezani kwa nje huwezi kuzitofautisha haraka, ila ukifungua mchoro mzito wa AutoCAD huku kivinjari kina kurasa kumi, utaona. Ndiyo maana namkatalia kabisa anayesema "kizazi cha 6 kinatosha mwanafunzi". Kinatosha kuandika barua.

Kwa hiyo tafuta mojawapo ya hizi, ya kizazi cha 8: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, au Dell Latitude 7490. Zote tatu zina sloti mbili za RAM, zote zinachajiwa kwa USB-C, zote SSD yake (hifadhi) inatoka kwa skrubu. Angalia herufi vizuri, T480s sio T480. Ile yenye s mwishoni RAM yake moja imechomelewa.

Mimi ningechukua T480, na naomba mnivumilie hapa kwa sababu hii mashine naipenda. Ina betri mbili. Moja iko ndani, nyingine unaichomoa kwa nyuma kwa vidole tu, bila bisibisi. Na unaweza kuichomoa kompyuta ikiwa inawaka, ukachomeka nyingine iliyojaa, kazi inaendelea kwa sababu ile ya ndani inashikilia. Kuna betri kubwa ya nyuma ya Wh 72 ambayo inainua laptopu kidogo kama imewekewa kigoda. Umeme unakatika saa mbili usiku, mvua ya Mbeya inapiga bati, kijana ana kazi ya kukabidhi asubuhi: anamaliza. Sijaona mashine ya miaka ya karibuni ya bei hiyo inayompa mwanafunzi uhakika huo.

Sasa hili la akili mnemba. Kinachouzwa kwa jina hilo ni laptopu zenye NPU, sehemu ya prosesa iliyotengenezwa kwa hesabu za akili mnemba. Microsoft walipotangaza Copilot+ Mei 2024 walitaka NPU ifikie TOPS 40, yaani operesheni trilioni 40 kwa sekunde, RAM 16 na hifadhi 256. Linganisha na hiyo Celeron yenye RAM 4. Haimo kabisa kwenye mazungumzo hayo, na muuzaji anaichanganya na kitu isichokuwa. Halafu ChatGPT ambayo wanafunzi wote wanaitumia haifanyi kazi ndani ya laptopu yako. Inafanya kazi kwenye kompyuta kubwa za wenyewe huko mbali, wewe unahitaji kivinjari na bando. T480 inaifungua sawasawa na mashine ya milioni nne.

Mpaka sasa sijaona kitu ambacho NPU inamfanyia mwanafunzi wa Mbeya kikastahili hela ya ziada. Lile jambo kubwa walilolitangaza, Recall, lilikuwa la kupiga picha skrini yako muda wote ili baadaye uulize "nilisoma wapi kile kitu". Watu wa usalama wa mitandao wakalalamika, likaahirishwa, likaja kutoka Aprili 2025 na sasa unaliwasha mwenyewe ukitaka. Kijana anayeazimana laptopu na wenzake wanne chumbani hosteli, simshauri aliwashe.

Jambo ninalowaomba watu wa huku tulifuatilie kwa karibu ni hili la kuchomelea. Laptopu zetu za mtumba nyingi zimetoka kwenye ofisi za Ulaya na Marekani, zinatumika miaka mitatu, minne, zinaondolewa kwa mkupuo, zinapita kwa wachuuzi, zinashuka Dar, zinapanda basi mpaka kwetu. Maana yake kila uamuzi wanaofanya wahandisi wa Lenovo au HP leo unafika kwenye meza za Mwanjelwa baada ya miaka kadhaa. T490 ya 2019 waliondoa ile betri ya nyuma na wakachomelea RAM moja. ThinkPad X13 RAM yake ikachomelewa yote. Hizo ndizo zinazoanza kujaa sasa hivi, na mafundi wetu wameshaanza kurudisha mashine mikono mitupu kwa wenyewe, mashine nzima nzuri inakufa kwa sababu ya chipu moja ya RAM.

Lakini kuna habari njema pia. ThinkPad T14 Gen 5 ya 2024 Lenovo waliisanifu wakishirikiana na iFixit, wamerudisha sloti mbili za RAM na betri inatoka kirahisi, iFixit wakaipa 9 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezeka. Na Umoja wa Ulaya wana sheria inayoanza kutumika Februari 2027, inataka betri za vifaa vya kubeba ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Sheria ya Brussels, ila mfaidika mmojawapo ni fundi wa Kabwe hapa Mbeya. Mimi hizi nazisubiri kwa hamu kuliko simu yoyote ya kukunja.

Kwa bajeti yako tafuta T480 ya i5, RAM 8 na SSD 256. Kama inakuja na RAM 8, uliza ni kipande kimoja au viwili. Kimoja ni bora, sloti moja inabaki wazi ya kuongezea baadaye. RAM imepanda bei tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu Samsung, SK Hynix na Micron wanapeleka uzalishaji wao kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba. Micron mpaka wametangaza kuachana na Crucial, ile chapa yao ya watu wa kawaida. Kwa hiyo ukipata yenye 16 kwa tofauti ndogo, chukua hapohapo.

Kihesa_Kamera

Kamwene wakuu. Nakubaliana na MzeeWaSpea kwenye mengi, ila nitamtetea mtu mmoja hapa: MacBook Air ya M1, laptopu ya Apple yenye chipu yao wenyewe.

Mimi napiga picha na video za harusi hapa Iringa. Nilikuwa na laptopu za aina hizo mnazozisifu, feni inapiga kelele mpaka mteja anauliza. Tangu nihamie M1 sisikii kitu, maana haina feni kabisa. Nahariri video ya harusi nzima nikiwa safarini kwenda Mafinga, sijabeba chaja. Ilitoka Novemba 2020 na bado inapokea masasisho. Mtumba wake umeshuka sana. Dada, kama mnaweza kusubiri mpaka mwezi wa kwanza mkaongeza kidogo, kijana atakaa nayo mpaka amalize chuo.

MzeeWaSpea

Kihesa, M1 ni chipu nzuri mno, sibishani. Kwa kazi yako ningekushauri hiyohiyo. Apple walitikisa biashara nzima ya prosesa mwaka ule, na ushindani wa betri tunaouona kwa Intel na Qualcomm sasa umetokana na pale.

Ila kijana wa dada anasoma ujenzi. AutoCAD ya Mac ipo, lakini Revit na Civil 3D, programu za kusanifu majengo na barabara, ni za Windows tu, na hizo atakutana nazo. Atakuwa anaazima kompyuta ya mwenzake kila ikifika kazi ya mradi.

Pia M1 RAM na hifadhi vyote vimechomelewa. Chai ikimwagika ndani, kinachobadilishwa ni bodi, na bei ya bodi ni karibu ya laptopu nyingine. Wewe ni mfanyabiashara, mashine inajilipa. Wao wamekusanya hela ya mbao.

Mwalimu_Rungwe

Ndaga fijo MzeeWaSpea kwa maelezo. Naomba nichangie upande ambao haujaguswa.

Shuleni kwetu huku Tukuyu tuna maabara ndogo ya kompyuta za msaada, nyingi kizazi cha 4 mpaka cha 6. Windows 10 ilipofungwa tuliambiwa tuzitoe. Sikuzitoa. Nimeziwekea Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ambao unahudumiwa mpaka 2029, na watoto wanaandika, wanachora majedwali, wanajifunza Python. Kwa kuwa intaneti yetu ni ya kubahatisha, hasa mvua zikishika, nimeweka Kiwix (programu ya kusoma tovuti bila intaneti) na Wikipedia ya Kiswahili ndani ya kila mashine. Mtoto anasoma kuhusu volkano ya Rungwe bila bando hata senti.

Nasema hivi kwa sababu tangu Windows 10 ifungwe, hizo za kizazi cha 6 na 7 zimekuwa bei ya chini. Kwa mtu wa Civil 3D hazifai, nakubali. Lakini mzazi mwenye laki mbili na mtoto wa kidato cha pili asikatishwe tamaa.

MzeeWaSpea

Mwalimu, hapo umenena, na ningependa kuja kuiona hiyo maabara. Nina vipande vya RAM ya DDR3 vimekaa kabatini, hakuna anayevitaka Mbeya nzima, na mashine zako za kizazi cha 4 zinavitumia. Nitumie ujumbe pembeni uniambie unahitaji vingapi, sihitaji malipo.

Nyongeza kwa mzazi wa laki mbili: ukiuziwa kizazi cha 6 au 7 ikiwa na Windows 11, ujue fundi ameruka ukaguzi wa Microsoft wakati wa kuiweka. Itawaka, itafanya kazi, ila Microsoft hawakuahidi kuihudumia. Afadhali Mint ya mwalimu.

Dada_Makambako

Nawashukuru sana wote. Baba nimemsomea hapa, amesema T480. Kaka MzeeWaSpea, nakuja Mbeya Jumamosi. Mimi si mtu wa kompyuta. Nikifika kwa muuzaji nitajuaje kama ni nzima? Wale vijana wana maneno mengi, nikiulizwa swali moja nitakubali tu.

MzeeWaSpea

Usikubali chochote kabla hujaiona inawaka mbele yako, na usilipie mashine ya kutumiwa kwa basi hata kama picha zake zinang'aa.

Kabla haijawaka, igeuze. Hakikisha skrubu zote zipo na betri ya nyuma haichezi. Ukiona kava la chini limevimba au pedi ya kipanya imenyanyuka, betri ya ndani imevimba. Rudisha. Tazama kibodi: nyingi zimetoka Ujerumani, Y na Z zimebadilishana nafasi, na za Ufaransa zinaanza na AZERTY. Zinafanya kazi, na ukizoea unaandika, lakini bei inatakiwa ishuke.

Kisha mwambie aizime na aiwashe huku unabonyeza F1. Hapo unaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nenosiri, ondoka dukani. Nasema ondoka, usikae kusikiliza maelezo. Kwenye ThinkPad nenosiri hilo limehifadhiwa kwenye chipu yake, kutoa betri ndogo ya saa hakulifuti, na atakayekuambia "nitakutolea kesho" kesho yake ina gharama. (Kama utaangukia HP bonyeza F10, Dell F2.)

Ikishaingia Windows, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ukurasa, itakuonyesha ulipo. Tafuta mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Wa kwanza ni uwezo betri ilipozaliwa, wa pili ni uwezo wa sasa, na kwenye T480 utaona betri mbili. Kila moja iwe angalau imebaki robo tatu ya mwanzo. Ikiwa chini ya nusu, omba akubadilishie ya nyuma papo hapo. Wanazo, ziko chini ya meza.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui na linaumiza. Mashine za makampuni husajiliwa na kampuni yenyewe kule Microsoft. Muuzaji anaiwasha bila intaneti, unaona safi. Siku mtoto anaifuta na kuanza upya, inaunganishwa na mtandao, inatokea jina la kampuni fulani ya Uholanzi inadai anwani na nenosiri la mfanyakazi. Kwa hiyo mwombe airudishe Windows mwanzo ukiwa umekaa hapohapo, na mpe hotispoti ya simu yako inapofika kwenye hatua ya kuunganisha. Inachukua muda, nenda ukanywe chai urudi. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Chaja iingize kwenye sehemu zote mbili za USB-C, moja baada ya nyingine, uone kama inachaji kote. T480 na wenzake wa miaka ile walikuwa na kasoro ya programu ya Thunderbolt (teknolojia ya hizo sehemu za USB-C) ambayo inaua sehemu hizo polepole. Lenovo walitoa marekebisho. Ikichaji kote, mkifika nyumbani wekeni Lenovo Vantage, programu yao ya masasisho, na mruhusu masasisho yote kabla ya kitu kingine. Chaja yenyewe iwe ya wati 65 au 45, isiwe ya simu.

Mwisho mwombe aifungue kava la chini, uone vumbi. Za Ulaya huja na manyoya ya zulia kwenye feni, halafu kiangazi chetu cha mwezi wa nane kinaongezea la kwake. Akupulizie na kupaka pasta mpya juu ya prosesa. Ni kazi ndogo, wengi wataifanya bure ukiwa mnunuzi.

Dada_Makambako

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho kaka: garantii wanatoa kweli, au ni maneno ya mdomo?

MzeeWaSpea

Wengi wanatoa mwezi mmoja mpaka mitatu. Iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya utambulisho wa mashine (serial number), ile inayoanza kwa S/N kwenye kava la chini, na iandikwe inahusu nini: madabodi, kioo, betri. Kama hataki kuandika, meza ya pili yake ipo hatua tatu kutoka hapo.

Ukishuka Kabwe nipigie, namba nakutumia pembeni. Jumamosi nashinda hukohuko kutafuta kioo cha mteja, nitakuja tuifungue pamoja. Mwambie na mdogo wako aje, ashike bisibisi mwenyewe.